Mguu Kwanza, Raba Baadaye

Watu wanaotaka kuanza mazoezi hunijia na swali moja: ninunue raba gani? Wanachotaka ni jina la kampuni. Mimi huwauliza wanakusudia kukimbia wapi, kisha nawaomba wavue viatu niitazame miguu yao. Wengine huona haya, maana mguu kwetu hautazamwi sana, ingawa tunauosha kila tunapotia udhu. Lakini miaka yangu ya kukimbia katika mji wa Unguja na mashamba yake imenithibitishia kwamba ardhi na mguu ndivyo vinavyochagua kiatu. Jina lililoandikwa ubavuni lije mwisho.

Unguja ni kisiwa ambacho urefu wake haufiki kilomita 90, na bado kina ardhi za kila namna. Ndani ya Mji Mkongwe, kwenye vichochoro vya Kiponda, Sokomuhogo na Shangani, unakanyaga mawe yaliyosuguliwa na nyayo za watu vizazi kwa vizazi. Baada ya mvua mawe hayo yanateleza, na kingo za mifereji na vipandio vya baraza vinakungoja kila kona. Huko raba ya soli nene na laini ni hatari: ukikanyaga ukingo wa jiwe, sponji linalalia upande mmoja na kifundo cha mguu kinalifuata. Kinachofaa ni soli fupi, pana, ya mpira unaoshika.

Ukitokea Forodhani ukapita Mizingani, Malindi na Mtoni kuelekea Bububu, umo kwenye lami tupu. Lami ni ngumu, haisamehe goti, na jua likishapanda joto lake linapenya soli. Hapo sponji lina kazi yake. Ukiingia mashamba, Kizimbani au Mahonda, ni udongo unaoganda kwenye soli wakati wa masika. Ukishuka kusini, Makunduchi na Kizimkazi, unakutana na uwanda: mawe ya matumbawe yenye ncha, yanayochoma soli nyembamba kama msumari. Na pwani ya mashariki, Paje, Bwejuu na Jambiani, maji yakipwa unapata mchanga mpana, mgumu, uliosawazika, ambao mimi nauona ni uwanja bora kuliko yote kisiwani. Maji yakijaa, ukanda unaobaki umeinama, na anayekimbia hapo huuelemea mguu mmoja mwendo mzima. Kiuno chake kitamwambia kesho yake, hata akivaa raba ya bei gani.

Kwa hiyo mtu wa Mkunazini anayezunguka Mnazi Mmoja na Maisara baada ya sala ya alfajiri hana haja ya kiatu kile kile cha mtu wa Jambiani. Jambo hili ni dogo kulisema, lakini ni wachache wanaolifikiria wakiwa dukani.

Tuje kwenye mguu wenyewe. Mimi nimekulia Kikwajuni, na utoto wetu ulikuwa wa malapa na miguu mitupu. Mashindano ya skuli tulikimbia peku, na mwalimu wetu wa michezo hakuona ajabu, naye mwenyewe alikimbia hivyo. Mguu uliokua namna hii una umbo lake: vidole vimeachana, upande wa mbele ni mpana, ngozi ya chini imekomaa. India, jirani zetu wa ng'ambo ya bahari, watafiti wawili, Rao na Joseph, waliwapima watoto 2,300 na kuchapisha matokeo yao mwaka 1992. Miongoni mwa watoto waliozoea viatu, wenye nyayo bapa walikuwa asilimia 8.6. Miongoni mwa wasiovaa viatu walikuwa asilimia 2.8. Nikisoma takwimu hizo nawakumbuka watoto wenzangu wa uwanjani na nyayo zao zilivyokuwa na nguvu.

Tatizo huja pale mguu huo mpana unapoingia kwenye raba iliyotengenezwa kwa kalibu nyembamba. Raba nyingi zinazofika kwetu zimeshonwa kwa upana mmoja wa kawaida, na muuzaji hana namna ya kukupa mwingine. Basi mteja wa namba 42 akibanwa vidole hupewa 43, akibanwa tena hupewa 44, na hapo huambiwa imemkaa. Kila namba ya Kizungu inaongeza urefu wa takriban theluthi mbili za sentimita. Upana unaongezeka kidogo tu. Mtu huyo anaondoka na kiatu kilicho sawa ubavuni na kirefu kupita kiasi mbele. Akianza kukimbia, kisigino kinapanda na kushuka, mguu unateleza kwenda puani, na malengelenge yanaanza siku ya kwanza. Dawa yake ni kutafuta muundo mwingine wenye pua pana, hata ikibidi kuzunguka maduka yote ya Darajani. Kupanda namba hakutibu ubanaji wa upana.

Aliyenifundisha kuliona hili ni fundi viatu mmoja aliyekuwa akikaa barazani Mkunazini, mzee aliyeshona makubadhi tangu ujana wake. Nilimpelekea raba iliyofumka ubavuni, karibu na kidole kidogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Vua na cha pili."

"Kilichofumka ni hichi kimoja tu, mzee."

"Nimekwambia vua. Nataka mguu, kiatu nimeshakiona."

Akatandaza kipande cha boksi chini, akaniamrisha nisimame juu yake kwa miguu yote miwili, nisikae, kwa sababu mguu uliobeba mwili hutanuka. Akachora mzunguko wa kila mguu kwa kalamu ya risasi, kalamu ameisimamisha wima. Kisha akachomoa soli ya ndani ya raba yangu na kuilaza juu ya mchoro. Mstari wa kalamu ulijitokeza nje ya soli upande wa kidole kidogo, pale pale uzi ulipokatika. Hakuhitaji kunieleza zaidi. Alinionesha pia kwamba mguu wangu wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia, jambo ambalo watu wengi wanalo bila kulijua, na akasema kiatu hununuliwa kwa mguu mkubwa.

Tangu siku hiyo kipande cha boksi ndicho kipimo changu. Nawashauri watu wachore miguu jioni, kwa sababu mchana kutwa wa joto na kusimama huivimbisha, na mguu unaokimbia huvimba vivyo hivyo. Raba iliyokukaa sawasawa saa mbili za asubuhi inaweza kukubana baada ya nusu saa ya mbio. Mbele ya kidole kilicho kirefu zaidi, ambacho kwa wengine ni cha pili wala si gumba, pabaki nafasi ya upana wa dole gumba la mkono. Kisigino kishikwe bila kubanwa. Vidole viweze kuchezacheza ndani.

Mchoro huo umeokoa pia zawadi nyingi. Wengi wetu tuna ndugu Maskati au Dubai, na raba ni zawadi inayopendwa. Ndugu anauliza namba, anaambiwa 40, ananunua, anatuma. Dada mmoja wa kikundi chetu cha mazoezi alikuwa akikimbia na raba nzuri aliyoletewa namna hiyo na kaka yake. Kucha za vidole gumba zilimgeuka nyeusi, na moja ikang'oka. Aliona aibu kuzivua raba hizo kwa sababu ya heshima ya aliyezituma. Tukampima mguu kwa sentimita, akamtumia kaka yake kipimo pamoja na picha ya mchoro, na safari iliyofuata zikaja zinazomtosha. Kampuni hazikubaliani sana juu ya 40 ni urefu gani. Sentimita ni sentimita popote, na raba nyingi zimeandikwa kipimo hicho kwenye kibandiko cha ndani ya ulimi, karibu na namba za Uingereza, Marekani na Ulaya. Mwenye kuagiza kiatu ng'ambo aagize kwa sentimita.

Yuko mkimbiaji mmoja ambaye kila mpenda mbio wa Afrika Mashariki anamjua, Abebe Bikila wa Ethiopia. Tarehe 10 Septemba 1960 alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma peku, kwa saa 2:15:16. Hadithi hii husimuliwa ili kuonesha kwamba Mwafrika hahitaji kiatu. Mimi naisoma vingine. Viatu alivyopatiwa kwa mbio zile havikumkaa vizuri, na miguu yake ilikuwa imezoea kukimbia bila kitu, basi akachagua alichokiamini. Miaka minne baadaye, Tokyo, alikimbia na viatu akashinda tena, kwa saa 2:12:11. Bikila hakuwa na ugomvi na viatu. Alikataa kuingia mbio ndefu na kiatu kisichokuwa chake, na ujasiri huo wa kusema hapana ndio ninaotamani kuuona kwa mteja wa Darajani anayesukumiwa raba iliyobaki.

Wanaotaka kurudia mbio za peku nawaombea subira. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake, ambao miongoni mwa waliowachunguza walikuwamo wakimbiaji wa Bonde la Ufa nchini Kenya, walionesha kwamba waliozoea kukimbia peku mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, na waliozoea raba nene hutua kwa kisigino. Aliyevaa raba nene miaka mingi akizivua ghafla na kukimbia hadi Bwejuu, mashavu ya miguu na ukano wa kisigino ndivyo vitakavyolipa. Aanze na mchanga uliopwa, mwendo mfupi, aongeze pole pole.

Vijana wa kikundi chetu, tangu Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia huko Tokyo mnamo Septemba 2025, wanaulizia raba za mashindano, zile ndefu zenye bamba la kaboni ndani. Furaha yao naielewa, nami nilishangilia kama wao. Raba hizo zimetengenezwa kwa mtu anayekwenda kasi kubwa kwenye barabara iliyonyooka, na soli zake zilipanda hadi shirikisho la riadha la dunia mwaka 2020 likaweka kikomo cha milimita 40 kwa mbio za barabarani. Kwa mtu wa mwendo wa wastani anayekata kona za Hurumzi na kuruka mfereji, kimo hicho hakina kazi.

Liko jambo jingine ambalo niliwahi kuliamini na ambalo bado husemwa sana: kwamba uloweshe mguu, ukanyage sakafu, usome alama. Sisi alama hiyo tunaiona kila siku, ukitoka kutia udhu na kukanyaga saruji kavu. Aliyeacha unyayo mzima ana mguu bapa, basi avae kiatu kigumu cha kuudhibiti. Aliyeacha kisigino na vidole tu ana mguu wa uvungu mkubwa, basi avae kiatu laini. Maelezo haya yanapendeza. Mwaka 2009 na 2010 watafiti wa majeshi ya Marekani, akiwamo Joseph Knapik, walichapisha matokeo ya kuyajaribu kwa maelfu ya makuruti: baadhi walipewa viatu kulingana na umbo la unyayo, wengine wote wakapewa aina moja bila kujali unyayo. Kiwango cha majeraha hakikutofautiana kwa namna ya maana. Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, mwaka 2015 alipendekeza na wenzake kigezo rahisi zaidi, kwamba mkimbiaji achague kiatu ambacho mwili wake unakiona cha raha. Alama ya maji itakusaidia kuujua mguu wako, na ni vizuri kuujua. Kiatu kichague kwa raha unayoisikia ukiwa unakimbia nacho.

Raha hiyo haipatikani kwa kukaa kwenye kiti cha duka. Hapa nina neno na wauzaji wetu. Mwenye duka mmoja aliwahi kumkatalia rafiki yangu asitoke na raba mlangoni kuzijaribu, akisema atazichafua. Rafiki yangu alinunua vivyo hivyo, na mwezi haujaisha raba zikawa za kwendea sokoni tu. Hatua kumi na tano za mbio nyepesi kichochoroni, kwenda na kurudi, zinatosha kumwambia mtu kama kisigino kinapanda, kama mshono unamchoma, kama upinde wa soli unalingana na upinde wa vidole vyake. Muuzaji anayemruhusu mteja kufanya hivyo atamuona tena.

Wengi wetu tunanunua mtumba, na sioni aibu yoyote, kwa kuwa mtumba mzuri unashinda mpya wa bandia. Unahitaji macho na mikono tu. Raba ya mtumba imeshaishi na mguu wa mtu mwingine. Ninapoishika, kwanza naiweka juu ya meza au sakafu iliyo sawa na kuitazama kwa nyuma. Ikiwa imelalia ndani au nje, mwenyewe wa kwanza aliilaza hivyo, nawe ukiivaa itakulaza upande huo huo, basi naiacha hata ikiwa inang'aa. Pili naangalia soli ya chini. Mpira uliolika kisigino upande wa nje kidogo ni kawaida. Uliolika hadi sponji likaonekana umeshamaliza kazi. Tatu nabonyeza sponji ubavuni kwa dole gumba. Likiwa na makunyanzi mengi ya mlalo na halirudi, limekufa, kwa sababu sponji huchoka kabla ya kitambaa. Wakimbiaji wengi hutaja kilomita 500 hadi 800 kuwa umri wa raba, na mtumba hujui umeshatembea ngapi. Nne naikunja. Ikunjike pale vidole vinapokunjika; ikikunjika katikati ya unyayo, ni dhaifu. Mwisho natia mkono ndani hadi puani, napapasa kila mshono, na naangalia alama za vidole kwenye soli ya ndani. Shimo la gumba la mtu mwingine likiwa mbali na gumba lako, mguu wako utapigania nafasi kila siku.

Unyevu wa kisiwa chetu nao una lake. Soli za aina ya poliyurethani, zikikaa muda mrefu kwenye hewa ya joto na unyevu, huoza kwa ndani hata kama hazijavaliwa. Unaitoa raba kabatini ikiwa nzima kwa macho, unakwenda nayo hadi Mazizini, na soli inapukutika vipande vipande. Kwa hivyo raba "mpya" iliyokaa stoo miaka si mpya. Ibonyeze, ikunje kwa nguvu, tazama kama inatoa nyufa au unga. Na raba ulizonazo usizianike kwenye jua kali. Toa soli za ndani, jaza magazeti, ziweke kivulini penye upepo, ubadilishe magazeti yakilowa. Wakati wa masika mwenye uwezo awe na jozi mbili apokezane.

Yote haya nayaandika nikimfikiria marehemu baba yangu. Aliambiwa ana sukari, akaambiwa atembee, naye akatii: kila alfajiri alizunguka Maisara na raba aliyoipenda. Ugonjwa wa sukari ukikaa mwilini huua hisia za miguu. Siku moja alirudi nyumbani akiwa mchangamfu, akavua, na soksi ilikuwa na damu. Kokoto moja, ndogo kuliko punje ya choroko, ilikuwa ndani ya kiatu tangu alipotoka, na hakuisikia. Kidonda kile kilituhangaisha miezi. Tangu hapo mama hakumruhusu kutoka kabla hajaingiza mkono wake mwenyewe ndani ya kila kiatu, na akirudi alimkagua nyayo, kidole baada ya kidole. Baba hakuwahi tena kutembea peku, hata ukumbini. Katika vikundi vyetu vya mazoezi, na katika umati ule unaotoka tarehe 1 Januari kwenye tamasha la mazoezi ya viungo, wamo wengi waliotumwa na daktari kwa sukari au presha. Kwao kiatu kisichobana wala kuchubua ni sehemu ya matibabu, na raha peke yake haiwatoshi kuwa kipimo, maana mguu usiosikia utasema kila kiatu ni cha raha. Hao wapimwe kwa boksi na wakaguliwe na macho ya mtu mwingine.

Viongozi wa vikundi vya mazoezi, nawaomba jambo moja. Kabla ya kuwapanga watu mstari na kuanza kuimba, mara moja kwa mwezi waambieni wavue viatu. Tazameni kucha nyeusi, malengelenge na sugu, pitisheni mikono ndani ya raba, chukueni boksi na kalamu muwachore wale wageni. Nawe unayekwenda Darajani wiki hii, nenda baada ya alasiri, chukua soksi utakazokimbilia na mchoro wa mguu wako mkubwa, na usitoe pesa mfukoni mpaka umekimbia na raba hizo nje ya duka.